Kisa cha neno kocioł: lilidhaniwa ni la ukoo, kumbe lilikuja na sufuria yenyewe

Hiki kisa kilitokea kweli ila nimetoa jina la mhusika, chuo, mji na mwaka. Nakiandika kwa ajili ya wanaosoma isimu historia, hasa sisi tuliokulia kwenye Kiswahili alafu tukajikuta tunachambua lugha za watu wengine, manake kosa lililotokea hapa, la kudhani neno la Kipolandi limerithiwa kumbe limekopwa, linaweza kumpata mtu makini kabisa, na lilimpata mtu makini.

## Mazingira

Mhusika nitamwita Mwanafunzi. Ni dada Mtanzania aliyekuwa anasoma shahada ya pili ya isimu huko Poland, mimi nilikuwa mbele yake mwaka mmoja kwenye programu hiyohiyo na ndo niliyekuwa nasoma rasimu zake. Kwenye somo la historia ya lugha za Kislavoni walipewa kazi ya wiki sita, kila mtu achague neno moja la chombo cha nyumbani, alirudishe nyuma mpaka Kislavoni-mama, alafu aeleze lilifikaje huko.

Kwa asiyejua, Kislavoni-mama ndo lugha iliyozaa Kipolandi, Kirusi, Kicheki, Kiserbia, Kibulgaria na ndugu zao. Hakuna aliyeiandika. Maandishi ya kwanza ya Kislavoni yanaanza karne ya 9, wakati wa Cyril na Methodius, ndugu wawili waliowatafsiria Waslavoni maandiko ya dini, na kila kitu cha kabla ya hapo tunakijua kwa kulinganisha watoto tu, kwa hiyo neno lake unaliwekea kinyota mbele kuonyesha kwamba hujalisoma popote, umeliunda upya.

Wenzake walichagua kisu, sindano, ufagio. Yeye alichagua kocioł, na sababu yake naipenda mpaka leo. Chini kabisa ya hosteli, njia ya kwenda kufua, kulikuwa na mlango wa chuma wa kijivu umeandikwa KOTŁOWNIA kwa rangi nyeupe iliyoanza kubanduka, ni chumba cha bolia, na ukipita hapo baridi imekaza unasikia joto linatoka chini ya mlango. Bolia kwa Kipolandi ni kocioł, neno lilelile la chungu kikubwa cha chuma cha kupikia watu wengi. Sasa akawa anajiuliza kila akipita na beseni lake la nguo, mbona kocioł ina o kabla ya ł alafu kotłownia haina, na mbona ile "ci" laini imegeuka kuwa t ngumu?

## Hatua ya kwanza: kulifikisha Kislavoni-mama

Hapa alifanya kazi nzuri. Alikusanya maumbo ya kila lugha, tena siyo umbo la kamusi peke yake bali na lile la umilikaji, na hilo ndo lililomwokoa. Kipolandi kocioł ila "cha chungu" ni kotła. Kirusi kotël, kotla. Kislovaki kotol, kotla. Kiserbia kotao, kotla. Kibulgaria kotel, wingi kotli. Kila mahali kuna irabu inayotokea na kupotea, na kila lugha ina irabu yake, o, ë, a, e.

Irabu ya namna hiyo kwenye Kislavoni ni alama ya kidole. Lugha mama ilikuwa na irabu mbili fupi mno, zinaandikwa ь na ъ, na baadaye zilikufa au zikakua kulingana na mahali zilipokaa, unahesabu kutoka mwisho wa neno, ya mwisho ni dhaifu inadondoka, iliyotangulia inapata nguvu inakuwa irabu kamili, inayofuata dhaifu tena. Mcheki Antonín Havlík ndo aliyeipanga hiyo kanuni, 1889. Ukianza na *kotьlъ, ъ ya mwisho inadondoka, ь inakua, unapata kocioł na kotël na kotao. Ukianza na *kotьla, a ni irabu nzima haidondoki, kwa hiyo ь ndo inakuwa dhaifu na inapotea, unapata kotła. Na kwa kuwa ь ilikuwa ya mbele ya kinywa, ililainisha t iliyoitangulia, ndo ile "ci" ya Kipolandi. Mlango wa bolia ukawa umeelezeka wote, o iliyopotea na t ngumu.

Kulikuwa na kishawishi cha kulifunga neno na kot, paka. Alikitupa mapema na alifanya vizuri, kufanana kwa herufi tatu siyo ushahidi wa kitu.

## Hatua ya pili: hapo ndo njia ilipopinda

Akaendelea nyuma zaidi. Akafungua kamusi ya Kilituanya akakuta katilas, chungu cha chuma. Kilatvia katls. Kiprusi cha kale, lugha iliyokufa ya ukoo wa Kibalti pamoja na hizo mbili, catils. Sasa mtu yeyote aliyesoma hizi lugha anajua kwamba a fupi ya Kilituanya inakaa palipo na o ya Kislavoni. Jicho ni akis kwa Kilituanya, oko kwa Kipolandi. Usiku ni naktis, kwa Kipolandi noc. Kwa hiyo katilas na *kotьlъ zinakaa sawasawa, a kwa o, i kwa ь, mwisho kwa mwisho, huwezi kuomba ulinganifu msafi kuliko huo.

Akaunda *katilas ya mama wa Kibalti na Kislavoni. Alafu akapanda tena: Kilatini kina catinus, bakuli la kina, na kidogo chake catillus. Kijerumani kina Kessel. Kigothi, lugha iliyokufa ya Kigermanik (ukoo wa Kijerumani na Kiingereza) yenye maandishi marefu ya zamani kuliko wenzake, ina umbo katile. Matawi manne ya Kihindi-Kiulaya, ukoo mkubwa wa lugha nyingi za Ulaya hadi India, yote yana kat- ya chombo, akaandika ukurasa wa saba kwamba hili ni neno la mzizi wa kale kabisa *kat-, limerithiwa na kila mtoto.

Nilipousoma ule ukurasa nilielewa kwa nini aliamini. Siyo uvivu. Alikuwa amefuata kanuni tulizofundishwa, moja baada ya nyingine, na kila moja ilimjibu ndiyo.

## Swali lililosimamisha kazi

Nikamuuliza swali moja tu, "dada, h iko wapi?"

Hoja yangu ilikuwa hii. Lugha za Kigermanik zilibadilisha konsonanti zao za zamani kabla hazijaandikwa, k ikawa h, t ikawa sauti ya th kama kwenye "thelathini", mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm aliieleza 1822 na imesimama mpaka leo. Mbwa kwa Kilatini canis, kwa Kigothi hunds. Pembe ni cornu, Kigothi haurn. Mia ni centum, Kigothi hund. Tatu ni tres, Kigothi þreis, hiyo þ ndo th. Sasa kama Wagothi walirithi neno moja na Waroma, chungu chao kingeanza na h na katikati kingekuwa na th au d, kitu kama *hathil-. Kigothi kina k, kina t, vyote vizima, havijaguswa. Neno ambalo halijapita kwenye mabadiliko ni neno ambalo halikuwepo nyumbani mabadiliko yalipopita. Lilikuja baadaye, na lilikuja kutoka Kilatini.

Akanijibu, "kaka, hilo ni tawi la Kigermanik, likiwa limekopa wao, mbona liharibu Kilituanya na Kislavoni ambavyo vinalingana vizuri?" Swali la haki kabisa. Na mimi siku hiyo nilimjibu vibaya, nitarudi kwenye hilo.

## Igitabo

Kilichomfungua haikuwa mimi. Mwenzake wa chumba alikuwa Mnyarwanda, na jioni moja alikuwa anatafuta kitabu chake akasema igitabo. Mwanafunzi akakaa na hilo neno usiku mzima, yaani alinipigia asubuhi hata chai sijanywa.

Angalia mwenyewe. Kiswahili kitabu, vitabu. Kiganda ekitabo, ebitabo. Kinyarwanda igitabo, ibitabo. Ngeli imekaa, umoja na wingi vimekaa, na Kinyarwanda kimefanya hata kile kinachokifanya kwa maneno yake yenyewe, kiambishi iki- kinakuwa igi- kikifuatwa na konsonanti isiyo na mghuno (isiyotetemesha koo) kama t, ndo maana mti ni igiti lakini taasisi ni ikigo. Mgeni asiyejua historia yetu angechukua hayo matatu akaunda *ki-tabu ya Bantu-mama na hesabu yake ingetoka safi. Wakati sisi wote tunajua kitabu ni Kiarabu, ile k ni ya mzizi k-t-b wa kuandika, sisi ndo tuliyoigeuza kiambishi.

Kwa hiyo ulinganifu kamili unaweza kupatikana bila urithi wowote. Unachohitaji ni neno liingie mapema kabla kanuni haijafanya kazi, au liingie wakati kanuni bado iko hai inakamata kila kinachopita. Kislavoni cha wakati ule bado kilikuwa kinatamka a fupi mahali ambapo baadaye pakawa o. Neno la Kigothi lenye a likaingia na a yake, alafu o ilipokuja ikabadilika pamoja na maneno yote ya wenyeji.

## Punda ndo alitoa ushahidi

Baada ya hapo tulitafuta neno lingine lenye safari ileile, manake neno moja peke yake linaweza kuwa bahati. Tukalipata, na ni zuri mno.

Punda kwa Kilatini ni asinus, punda mdogo asellus. Kigothi asilus. Kijerumani Esel. Kilituanya asilas. Kislavoni-mama *osьlъ, Kipolandi osioł, osła, Kirusi osël, osla. Weka pembeni yake chungu: Kijerumani Kessel, Kilituanya katilas, *kotьlъ, kocioł, kotła, kotël, kotla. Irabu zilezile zinatokea na kupotea mahali palepale, kwa Kirusi hata mkazo unahamia mwishoni kwa namna moja, kotla na osla. Na kwa punda hakuna atakayebisha kwamba ni mgeni, siyo mnyama wa misitu ya kaskazini, alitoka kusini na jina lake.

Alafu kuna mstari mmoja wa Injili ya Marko, 7:4, kwenye tafsiri ya Kigothi ambayo Wulfila, askofu wa Wagothi, aliianza karne ya 4 na nakala yake kubwa, Codex Argenteus, iko Uppsala, Sweden. Mstari unazungumzia desturi ya kuosha vyombo, na vyombo vyenyewe vimepangwa hivi: stikle jah aurkje jah katile, yaani vikombe na magudulia na sufuria. Mwanafunzi aliuchapisha akaubandika juu ya meza. Stikls, kikombe, ndo iliyowapa Waslavoni *stьklo, kioo. Aurkeis, gudulia, Wagothi wenyewe wamelitoa Kilatini urceus. Na katile ndo hiyo yetu. Kabati zima la vyombo kwenye mstari mmoja, na ndani yake unaona bidhaa za Kiroma zimeingia jikoni kwa Wagothi na za Wagothi zimeingia kwa Waslavoni.

Kigiriki cha mstari huo kinasema chalkion, chombo cha shaba. Na sufuria yetu inatokana na Kiarabu sufr, shaba ya njano, japo sa hivi nyingi ni za alumini. Hilo la sufuria aliliona yeye, mimi sikuwa nimeliwaza.

## Maamuzi na sababu zake

Zilibaki wiki mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kuacha ukurasa wa saba kama ulivyo na kuongeza kwamba Kigermanik kina tatizo dogo. Aliikataa, na sababu aliyoitoa ni nzuri: ushahidi wa Kigermanik siyo tatizo la pembeni, ndo nguzo. Matawi yake yalikuwa manne, ukitoa Kigermanik kwa sababu kimekopa, unabaki na Kilatini upande mmoja, na Kislavoni na Kibalti upande mwingine, majirani wa hao hao waliokopa. Nyumba haisimami.

Njia ya pili ilikuwa kubadilisha neno kabisa. Dedilaini ilikuwa inambana na mimi nusura nimshauri hivyo. Akakataa tena.

Akachagua kubakiza kurasa sita za kwanza bila kugusa, manake *kotьlъ ni sahihi hata kama limekopwa, kuwa neno la Kislavoni-mama na kuwa la kukopa havipingani, lilishakuwepo kabla watoto hawajagawanyika. Alafu akaandika upya sehemu ya asili kwa kufuata safari ya chombo. Na hapo akaweka kitu ambacho kwangu ndo kiini cha kazi yote: Waslavoni walikuwa na neno lao la chungu cha udongo, *gъrnьcь, linalotoka kwenye *gъrnъ, tanuri, ukoo mmoja na Kilatini furnus, hilo ndo la urithi, na kutoka ukoo huohuo leo Wapolandi wanaita garnek. Walichokosa ni chombo kikubwa cha chuma au shaba cha kuning'iniza juu ya moto. Kilipowafikia kutoka kwa Wagermanik kilifika na jina. Vyombo vya shaba vya Kiroma vimefukuliwa kwa wingi nchi za Kigermanik, mbali sana na mpaka wa dola. Garnek na kocioł ni chungu na sufuria, la kwetu na la mgeni yamekaa jiko moja, na kila moja linajua kazi yake.

## Matokeo

Aliwasilisha kwa dakika ishirini. Mwalimu alikubali njia nzima ya Kilatini, Kigermanik, Kislavoni, akambana sehemu mbili.

Ya kwanza, Kilatini kipi, catinus au catillus? Mwanafunzi alikuwa ameandika catillus kwa sababu ya l. Mwalimu akamwonyesha kwamba catillus ina l mbili na Kigermanik kina moja, na punda ana ugonjwa uleule, asinus ina n, asellus ina l mbili, asilus ina moja. Inawezekana Wagermanik walichukua asinus na catinus wakaweka l mahali pa n kwa kufuata mtindo wa maneno yao, au walichukua yale ya vidogo. Kwa vyovyote, chungu na punda vinatakiwa kuelezwa pamoja, huwezi kumpa kila mmoja hadithi yake.

Ya pili ilitokana na mimi. Kwenye rasimu kulikuwa na sentensi kwamba katilas ya Kilituanya imetoka kwa Waslavoni, moja kwa moja, bila kusita. Ilikuwa sentensi yangu. Mwalimu akauliza ushahidi uko wapi, na haukuwepo, kwa sababu Kilituanya kikikopa o ya Kislavoni kinaitamka a, kanisa ni bažnyčia na limetoka božnica. Kwa hiyo a ya katilas inaweza kuwa a ya Kigermanik iliyokuja moja kwa moja, inaweza pia kuwa o ya Kislavoni, irabu peke yake haiamui.

Alipata alama nzuri, siyo ya juu kabisa. Aliombwa arekebishe hizo sehemu mbili, akarekebisha.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza kabisa ni kukusanya maumbo ya umilikaji. Bila kotła na kotla asingeiona ь, na bila ь asingelinganisha chungu na punda kwa usahihi ule. Wanafunzi wengi wanachukua neno la kwanza la kamusi wanakimbia nalo.

Kosa lenyewe lilikuwa kwenye mpangilio wa kuuliza. Aliuliza "je, sauti zinalingana?" na alipopata ndiyo akafunga. Swali la pili, "je, kila tawi limeonyesha kovu lake?", hakulifikia. Urithi unaacha makovu tofauti kwa kila mtoto, Kigermanik lazima kiwe na h yake, na neno lisilo na kovu mahali ambapo ndugu zake wote wanalo ndo la kushikwa mkono. Mfano upo hapohapo jikoni: mkate, Kigothi hlaifs, una h, Waslavoni walipoukopa wakaubakiza na sauti ya kh, *xlěbъ, leo chleb. Kama chungu cha Kigothi kingekuwa *hathil-, Wapolandi leo wangekuwa na neno linaloanza na ch, na mlango wa bolia ungeandikwa vingine.

Maana ya neno pia ilitazamwa kwa kuchelewa. Chombo cha chuma ni bidhaa, bidhaa inasafiri, na bidhaa ikisafiri jina lake linapanda gari moja nayo. Angeanza kwa kuuliza "nani alikuwa anafua vyombo vya shaba wakati ule na nani alikuwa ananunua?" angefika mapema. *Bljudo, sahani, nayo inatoka Kigothi biuþs ambayo ilikuwa meza, kwa hiyo hili jiko lote lilitakiwa kutiliwa shaka tangu mwanzo.

Upande wangu, kosa langu ni lile jibu la siku ya kwanza. Aliponiuliza mbona Kilituanya kinalingana, nilitakiwa kusema "tuangalie", badala yake nikampa jibu la haraka kwamba wamekopa kwa Waslavoni, kwa sauti ya mtu anayejua, na yeye kwa heshima ya mtu aliyemtangulia akaliandika kama nilivyolisema. Alilipa alama kwa sentensi yangu. Nilimwomba radhi siku ileile kwenye korido, na tangu hapo nikisoma rasimu ya mtu naandika maswali tu pembeni, sentensi siandiki.

Na la igitabo lisichukuliwe kama bahati. Alikuwa na lugha mbili za Kibantu kichwani, na siku ya tatu ya kukwama akaziruhusu ziingie kwenye kazi ya Kislavoni. Kwenye toleo la mwisho aliiweka kitabu, ekitabo, igitabo kwenye ukurasa wa saba, palepale palipokuwa na *kat-, na mwalimu akaweka alama ya penseli pembeni akaandika kwa Kipolandi kwamba mfano huu ataanza kuutumia darasani.